Neno Limehama Kanisani: Kufasiri Imani, Neema na Karama kutoka Kiingereza kwenda Kicheki

(Hotuba mbele ya wafasiri, wachungaji na walimu waliokutana Mbeya kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Tafsiri, 30 Septemba)

Ndugu mwenyekiti wa kikao, wachungaji, walimu, wazee wa kanisa, wafasiri wenzangu, naomba kusema itifaki imezingatiwa. Wakubwa zangu, shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Na ndugu zangu Waislamu ninaowaona pale nyuma, asalaam aleikum. Mmefanya vema kuja, maana imani, neema, karama, rehema na baraka, maneno ambayo ndiyo kazi yetu mchana huu, yote Kiswahili kiliyapokea kwa mkono wa Kiarabu, na huenda mkatusahihisha.

Nimeulizwa pale mlangoni: Kicheki kinatuhusu nini sisi watu wa Mbeya? Kinatuhusu kuliko kinavyowahusu watu wa Dar es Salaam, wageni wetu mnisamehe. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa Wajerumani waliotumwa kutoka Herrnhut, lakini jina walilokuja nalo, Moravian, ni jina la nchi. Moravia ni upande wa mashariki wa Ucheki. Waprotestanti wa huko walishindwa kwenye vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, kanisa lao, Umoja wa Ndugu, likapigwa marufuku, wengine wakakimbia, wengine wakasali kwa siri vizazi kadhaa. Mwaka 1722 kikundi chao kilivuka mpaka kwenda Saxony, Ujerumani, kikaanza kujenga kijiji cha Herrnhut kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani. Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Kule kwao kanisa hilo linaitwa Jednota bratrská, Umoja wa Ndugu, wala halitumii jina la nchi. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Brno, mji wa huko Moravia, "mimi ni Mmoravian", anakutazama, anatabasamu, anadhani unamtania kwamba umezaliwa mtaa wa pili.

Kabla ya kufukuzwa, Ndugu hao walifanya kazi ambayo mfasiri yeyote angetamani kuwa na sehemu yake. Jan Blahoslav alitoa Agano Jipya la Kicheki mwaka 1564, kutoka Kigiriki. Baada yake wenzake walikaa katika kijiji cha Kralice, wakaifasiri Biblia nzima kutoka Kiebrania na Kigiriki na kuichapa kwa juzuu 6, kati ya 1579 na 1594. Waandishi wa karne ya 19 waliokuwa wakikifufua Kicheki walirudi kuchota humo. Na hata Kralice hawakuanzia jangwani, kwani Biblia nzima kwa Kicheki ilikuwapo tangu karne ya 14.

Kiingereza nacho si mgeni wa jana. Mwaka 1382 Anne wa Bohemia aliolewa na Mfalme Richard II wa Uingereza, njia kati ya Praha, mji mkuu wa Wacheki, na Oxford ikafunguka, na maandiko ya John Wyclif, mwanatheolojia wa Oxford, yakasafiri. Aliyasoma Jan Hus, mhubiri wa kanisa la Bethlehem huko Praha, aliyehubiri kwa Kicheki na kuchomwa moto Konstanz tarehe 6 Julai 1415. Lakini hao wawili walikutana kwa Kilatini, lugha iliyokuwa shuleni kwa wote. Sisi wa leo hatuna mtu wa kati. Tangu 1989, serikali ya kikomunisti ilipoanguka, vitabu na vipeperushi vya Kiingereza vimeingia huko kwa maboksi, vingine kutoka Marekani moja kwa moja, na kila kimoja kinasema "faith", "grace", "gift", "blessing" kana kwamba maneno hayo yana maana moja popote jua linapochomoza.

Sasa, nani anasoma? Katika sensa ya mwaka 2021 karibu nusu ya watu wa Ucheki waliandika kwamba hawana dini. Takriban asilimia 30 waliliacha swali wazi. Karibu watu milioni moja waliandika kwamba wanaamini lakini si wa kanisa lolote. Na zaidi ya watu 20,000 waliandika kwamba dini yao ni ya wale mashujaa wa sinema za anga, Jedi. (Kicheko.) Mnacheka, lakini hao ni wengi kuliko waumini wa madhehebu kadhaa niliyoyatembelea. Padri Tomáš Halík wa Praha, aliyepewa Tuzo ya Templeton mwaka 2014, anapenda kusema kwamba dini iliyoenea zaidi kwao ni ya "kitu fulani": ukimwuliza mtu kama anaamini Mungu, anajibu hapana, ila lazima kuna kitu.

Watu hao hao hawamalizi asubuhi bila kumtaja Mungu. Mcheki akitaka kusema "kwa bahati mbaya", husema bohužel, na ndani ya neno hilo yumo Bůh, Mungu, pamoja na majuto. Akitaka kusema "afadhali", husema bohudík, shukrani kwa Mungu. Karani wa benki anakuandikia: bohužel, ombi lako la mkopo limekataliwa. Hamfikirii Mungu hata kidogo. Na mkopo wenyewe unaitwa úvěr, anayekudai ni věřitel, yote kutoka mzizi mmoja na věřit, kuamini. Muumini ni věřící, mdai ni věřitel. Kosea silabi mbili za mwisho, na waumini wako wote wamegeuka watu wa kudai madeni. Duše ni nafsi, lakini kwa fundi baiskeli ni tyubu ya tairi. Akikwambia duše yako imetoboka, usianze kutubu, mpe hela ya kiraka.

Hapa ndipo ugumu wa kazi yetu ulipo, na ni kinyume na ugumu waliokutana nao waliokuja Rungwe. Wao walitafuta neno. Sisi maneno tunayo ya kumwaga, yenye umri wa miaka mia sita, ila yamehama kanisani. Yamepanga mahakamani, benki, kwa fundi, kwenye barua za mapenzi. Kamusi itakupa jina la neno na haitakuambia linaishi wapi siku hizi.

Chukueni "grace". Kwa Kiingereza neno hili linafanya vibarua vingi: mcheza dansi anacheza kwa "grace", sala ya kabla ya chakula ni "grace", siku za nyongeza unazopewa kulipa deni ni za "grace", na askofu mkuu anaitwa "Your Grace". Kicheki kimegawa kazi hizo. Madaha ya mcheza dansi ni půvab, sala ya mezani ni sala ya mezani tu, na neema ya Mungu ni milost. Kralice wanalo, Biblia zote zilizofuata zinalo. Mpaka hapo hakuna shida.

Lakini fungua gazeti la Praha utafute milost. Utalikuta kwenye habari za rais, kwa sababu milost ndiyo msamaha anaotoa rais kwa aliyehukumiwa. Mfungwa huandika ombi la milost. Na fungua kitabu cha hadithi: milostný dopis ni barua ya mapenzi. Filamu za zamani zina milostpaní, namna mtumishi wa ndani alivyomwita bibi mwenye nyumba. Kwa hiyo kijana wa miaka ishirini, ambaye hajaingia kanisani ila kwa kutazama michoro ya dari, akisoma kwamba ameokolewa kwa milost, kichwani mwake anapita rais, anapita mpenzi, na labda anapita bibi mmoja mwenye kofia ya manyoya.

Wapo wafasiri wa rika la chini wanaolikimbia neno hili. Wanaweka přízeň, yaani upendeleo, au laskavost, wema, fadhila ya mtu kwa mtu. Wanasema milost imezeeka. Mimi sikubaliani nao, na nitawaeleza kwa nini.

Tarehe 27 Juni 1950, Milada Horáková, mwanasheria na mbunge, alinyongwa Praha baada ya kesi ya kupangwa. Walioomba aachwe hai ni pamoja na Albert Einstein, Winston Churchill na Eleanor Roosevelt. Rais Klement Gottwald alikuwa na mamlaka ya kutoa milost. Hakuitoa. Kila mtoto wa shule wa Kicheki anaijua habari hiyo sasa. Kwa msomaji huyo, hata kama hana dini, milost si pambo la wimbo. Ni karatasi iliyofika mezani kwa mtu mmoja, ingeweza kutiwa sahihi, na mtu akaishi. Basi Paulo anazungumza habari gani, kama si hiyo hiyo? Kuna hukumu, kuna mwenye mamlaka ya kuifuta, na safari hii anaifuta. Neno lililohamia mahakamani limerudi likiwa na nguvu kuliko lilivyoondoka. Ukiweka laskavost umempa msomaji jirani mwema aliyemwazima ngazi.

Mahali ninapokubali milost ipumzike ni pale Kiingereza kinapotumia "grace" kwa tabia ya mtu, kwamba fulani alipokea habari ya ugonjwa wake "with grace". Hapo andika utulivu, andika heshima, andika alivyofanya. Mwandishi wa Kiingereza mwenyewe hakuwa anamwaza Mungu, alikuwa anasifu mwenendo. Nimeona milost ikipachikwa hapo kwenye vitabu vya kuchapwa, na inasomeka kana kwamba mgonjwa alimsamehe daktari.

Niseme haraka kuhusu "blessed", kwa kuwa hapo sisi na Wacheki tuko upande mmoja. Kiingereza kina neno moja, sisi tuna mawili, nao wana mawili. "Heri walio maskini wa roho" kwao ni blahoslavení, na ndilo neno lililomo kwenye jina la yule Blahoslav. Kubarikiwa ni požehnaný. Msidanganywe na neno moja la Kiingereza mkachanganya. Isitoshe, požehnaný nalo limehama: mwanamke aliye katika hali požehnaný ni mjamzito, na mzee wa umri požehnaný ni aliyekula chumvi nyingi.

Tuje kwenye zawadi. Hapa nitakaa.

Kicheki kina dar na kina dárek. Dárek ni kidogo cha dar: soksi, chokoleti, kitabu, kitu unachofunga kwa karatasi ya rangi. Dar ni zawadi nzito. Damu unayotoa hospitali ni dar, mchango kwa watoto yatima ni dar, na kipawa cha Mungu ni dar. Kiingereza kinasema "gift" kwa vyote, na mfasiri asiyeangalia anaweza kuandika kwamba Roho Mtakatifu anagawa dárky, na picha inayokuja ni ya mti wa Krismasi.

Maana Krismasi kwao ina mgawaji wake. Jioni ya tarehe 24 Desemba zawadi haziletwi na mzee mwenye ndevu nyeupe. Zinaletwa na Ježíšek, Yesu Mtoto. Hana picha maalumu. Hakuna anayejua anafananaje wala anapita wapi. Kengele ndogo inalia, watoto wanaingia sebuleni, zawadi zimeshafika. Wazazi wasioamini chochote wanawaambia watoto wao kwa uso mkavu kwamba Yesu amepita. Utawala wa kikomunisti ulijaribu kulimaliza jambo hili. Desemba 1952 Waziri Mkuu Antonín Zápotocký aliwahutubia watoto, akawaeleza kwamba Ježíšek amekua, amezeeka, ameota ndevu, sasa ni Babu Baridi, yule wa Warusi. Watoto hawakumkubali. Babu Baridi ameondoka pamoja na waliomleta, Ježíšek bado anafanya kazi.

Basi mfasiri wa Kiingereza anayekutana na "Santa Claus" katika hadithi ya watoto anaulizwa swali la imani bila kutarajia. Akimwacha Santa, hadithi inabaki ya Marekani. Akimweka Ježíšek, amemwingiza Kristo katika hadithi ambayo mwandishi hakumwalika. Mimi humwacha Santa. Mgeni abaki na jina lake.

Na barua za watoto kwa Ježíšek huenda wapi? Juu katika milima ya Krušné hory, mpakani na Ujerumani, uko mji mdogo sana ulio mita 1,028 juu ya usawa wa bahari, mji ulio juu kuliko yote nchini humo. Jina lake ni Boží Dar, Kipawa cha Mungu. Wajerumani waliuita Gottesgab, maana ile ile. Ulikuwa mji wa wachimba madini, na ninyi mliotoka Chunya hamhitaji kuelezwa kwa nini wachimbaji humtaja Mungu wanapoona mshipa wa madini. Posta ya Boží Dar ndiyo inayopokea barua za Ježíšek na kugonga muhuri wake. Kilomita chache kutoka hapo ni Jáchymov, ambako karne ya 16 zilichongwa sarafu za fedha zilizoitwa kwa jina la bonde lile kwa Kijerumani, Joachimsthaler, zikafupishwa kuwa thaler, na safari ndefu ya jina hilo imeishia mfukoni mwenu kama dola. Hayo ni ya pembeni, ila sikuweza kuyapita.

Boží dar kwa herufi ndogo ni mkate. Wazee wa Kicheki hukiita hivyo chakula, hasa mkate, na mtoto anayeutupa hukaripiwa kwa neno hilo. Kwa hiyo nikifasiri "gift of God" nina jina la mji, nina mkate, nina barua za Krismasi, na nina watu: Bohdan ni jina la kiume, aliyetolewa na Mungu. Akina Atupele wa Rungwe mliomo humu, huyo ni wajina wenu, na yeye pia mara nyingi hajui jina lake linasema nini.

Kuna "gift" nyingine, ya kipaji. "She is gifted." Kwa Kiingereza mtoto amepewa, lakini aliyempa hatajwi, na siku hizi hakuna anayeuliza. Kwa Kicheki mtoto mwenye kipaji ni nadaný, na mzizi ni ule wa kutoa, ila umefifia kabisa, ni neno la maafisa wa elimu. Lipo neno jingine lenye asili ya kanisa: hřivna. Ni kipimo cha zamani cha fedha, na Biblia za Kicheki zililitumia katika Mathayo 25, pale Biblia yetu inaposema talanta. Kama ilivyokuwa kwa "talent" ya Kiingereza, mfano wa Yesu ulibadili pesa kuwa uwezo. Mcheki anayekuambia usiifukie hřivna yako hana habari na Mathayo, anakuhimiza usiache kupiga kinanda. Neno hili ni zuri, na watu walio nje ya kanisa hawaliogopi. Mimi hulitumia ninapoweza.

Lakini karama za Roho si kupiga kinanda. Wakorintho wa Kwanza 12, Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "pana tofauti za karama, bali Roho ni yeye yule". Kralice waliweka dar. Halafu, kuanzia mwaka 1961, Wakatoliki na Waprotestanti wa Kicheki walikaa meza moja, chini ya serikali iliyokuwa ikiwapeleleza wote kwa usawa, wakaanza tafsiri ya pamoja, Miloš Bič akiongoza Agano la Kale na Josef B. Souček Agano Jipya. Biblia hiyo ilitoka nzima mwaka 1979, na katika mstari huo inasema obdarování. Hilo si jina la kitu. Limetengenezwa kutokana na kitenzi, ni kule kupewa, kukirimiwa, na lazima kuwe na aliyekirimu. Mtu anaweza kumiliki dar, akaiweka kabatini. Obdarování huwezi kuiweka kabatini. Katika vitabu vyote vya Kiingereza vinavyomweleza mtu "jinsi ya kugundua gift yako", neno hili moja la 1979 linasahihisha mafundisho ya ukurasa mzima.

Sasa imani. Víra. Kwenye karatasi ndilo neno jepesi kuliko yote, "faith" ni víra, kwisha. Ila tazameni jamaa zake. Mwaminifu ni věrný, muumini ni věřící, imani potofu za mitaani ni pověra, na nevěra, ambayo kwa sura yake ingekuwa "kutoamini", kwa mtu wa kawaida ni kutoka nje ya ndoa. Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Marko 9:24 analia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Kralice waliandika spomoz nedověře mé, na tafsiri ya 1979 nayo imebaki na nedověra, upungufu wa kutumaini, kutomwegemea mtu. Angeweka mtu nevěra hapo leo, baba angekuwa anaungama hawara mbele ya umati, mtoto akiwa bado yuko chini anatoka povu.

Nedověra imetoka kwa důvěra, ile hali ya kumwachia mtu funguo za nyumba. Na kitenzi věřit kina milango miwili. Věřím v Boha: naamini kwamba yupo, namkiri, ndivyo kanuni ya imani inavyosema. Věřím Bohu: namwamini yeye, asemalo nalichukua. Kiingereza kinapendelea kuacha kitenzi na kushika jina la kitu, "my faith", "people of faith", "faith leaders", "a faith journey". Ukizibeba hizo zote kwenda Kicheki kwa víra, unapata watu wanaobeba mzigo usiojulikana umejaa nini. Lidé víry, watu wa imani, kwa sikio la Brno ni watu wa ajabu kidogo, na ukiuliza "imani katika nini?" hujibiwi.

Kuna mzee mmoja ninayefanya naye kazi huko, mwalimu mstaafu. Mimi natoka Kiingereza, yeye anasimama mlangoni mwa Kicheki na kukata yasiyofaa. Hasali. Ukimwuliza kwa nini, anajibu kwa adabu kabisa: hakupewa dar víry, kipawa cha imani. Si yeye tu. Wacheki wengi wasioamini husema hivyo hivyo, kwa uungwana, hata kwa wivu kidogo: wewe umebahatika, mimi sikupewa. Ni maneno ya kanisani hasa, yametoka kwa Paulo, na yamekuwa namna ya heshima ya kufunga mjadala. Kama mtu asiye na sauti ya kuimba. Huwezi kumlaumu.

Hapo Waefeso 2:8 inageuka kuwa mstari wa kupasua kichwa. Kwa Kiswahili cha Union tunaijua kwa moyo: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu." Kipi ni kipawa? Sikilizeni sarufi. "Ambayo hiyo" inashikana na imani, au na neema. Mkorofi atasema hata na njia. Haiwezi kushika wokovu, ingekuwa "ambao huo". Wafasiri wetu, kwa kiungo kimoja, wametuambia kwamba imani yenyewe, au neema, ndiyo tuliyopewa. Kigiriki hakisemi hivyo waziwazi. Kina neno touto, la jinsia isiyo ya kike wala ya kiume, ilhali imani na neema kwa Kigiriki ni za kike. Kiingereza kina "this" au "that", ambayo haina jinsia wala ngeli, inaelea tu, kila mtu aishike anakotaka. Augustino wa Hippo aliuchukua mstari huu kuwa ushahidi kwamba imani nayo ni zawadi. Calvin alisema zawadi inayotajwa hapa ni wokovu wote.

Na Wacheki? Kwao víra ni ya kike, milost ni ya kike, spasení, wokovu, haina jinsia. Wale wa 1979 hawakutaka kitu kielee. Wakakata sentensi, wakaanza upya: Spasení není z vás, je to Boží dar. Wokovu hautoki kwenu, ni kipawa cha Mungu. Kwa hiyo Mcheki na Mswahili, wote wakiwa wamekaa mbele ya mstari mmoja, wanasoma mambo mawili. Wetu unaweza kumpa yule mwalimu mstaafu hoja: imani ni kipawa, mimi sikupewa. Wao unamwondolea.

Sasa inapokuja sentensi ya Kiingereza kwenye kipeperushi, "Faith is a gift", nifanye nini? Nikiandika Víra je dar, nimemrudishia msomaji udhuru wake akiwa ameshaufunga kwa karatasi ya rangi. Wenzangu wengine wanaandika hivyo hivyo, wanasema mfasiri hana haki ya kubishana na mwandishi, na hoja hiyo naiheshimu. Mimi, pale mwandishi anapokuwa anahubiri na si kufundisha somo la theolojia, huliacha jina na kuchukua kitenzi: kwamba Mungu anatupa sisi kumwamini, na kumwamini huko naandika kwa mlango wa pili, věřit Bohu. Sentensi inarefuka. Mhariri analalamika kuhusu nafasi. Mwalimu mstaafu aliisoma akanyamaza, halafu akasema sarufi iko sawa. Kwa mtu wa aina yake hiyo ni sifa.

Kwa kitabu cha theolojia ningeandika Víra je dar bila kusita, kwa kuwa msomaji wake anaijua vita ya Augustino na Calvin na atapigana mwenyewe. Na kama ningekuwa nairudia Waefeso kwa Kiswahili, ningefanya kama Biblia Habari Njema, iliyoikwepa ngeli kwa kusema "jambo hili". Inapoteza utamu, lakini inaacha mlango kama Paulo alivyouacha.

Ndugu mwenyekiti ananionyesha saa. Sitaendelea na "spirit", ingetupeleka hadi magharibi, maana kwa Kicheki duchovní ni kitu cha rohoni na papo hapo ni mchungaji mwenyewe. Ninachoomba ni kimoja. Kabla ya chai, mwenye Agano Jipya la Kinyakyusa au la Kinyiha aje nalo hapa mbele, afungue Waefeso 2:8, anisomee polepole. Ngeli zenu ni nyingi kuliko za Kiswahili, na kiungo kile lazima kimeshika kitu. Nataka kujua kimeshika nini.